Kiungo Baridi

Aikande Mmari aliishusha kutoka kwenye toroli
mbele ya banda langu, Kiusa, saa mbili asubuhi,
mlima bado umejifunika gubigubi.
"Amplifaya ya baba. Aliipigia besi
ukumbi wa ushirika, enzi kahawa ina bei.
Nataka kujua ni ya nani.
Halafu nataka ingurume."

Nembo hakuna. Matundu mawili ya skrubu
na kivuli cha jina, pale jua halikufika.
Kitambaa cha mbele mende wamekula pembe.
Uzito wake, wa mtu aliyegoma kuondoka.

Mimi sianzi na jina, naanza na woga:
mkono mmoja mfukoni, mwingine na bisibisi.
Kapasita hukaa na umeme
kama mtu akaavyo na neno;
unadhani amesahau, unamgusa.

Ndipo nikaipindua, nikasoma tumbo.
Taa mbili ndefu za nguvu, tatu fupi za mbele.
Maandishi yamefutika. Nikahemea kioo:
EL34, ikajitokeza katika ukungu wa pumzi yangu,
ikaondoka kabla sijaitamka.
Kwenye transfoma, muhuri: wiki ya thelathini na moja,
mwaka wa sitini na mbili.
Lakini transfoma ilitoka kwenye mashine nyingine,
matundu yamepanuliwa kwa tupa, yamekwenda upande,
na nyaya zimefungwa kwa uzi wa magunia ya kahawa.

"Si ya kiwanda," nikamwambia. "Ni ya hapahapa."
Uso ukamshuka. Alikuja na Ulaya kichwani.

Nikaanza kazi. Waya wa tatu, wa ardhi,
maana mashine hii imeshika watu bila kuua kwa bahati tu.
Kapasita za chujio, zote nne, mpya.
Ile ya kupitisha sauti nikaweka kubwa zaidi,
besi ipite bila kuinama.

Chini ya taa ya tatu nikasimama.
Donge la risasi, kijivu, chembechembe kama uji ulioshindikana.
Kiungo baridi. Na mkia wake umepindia kushoto.

Mimi ni wa shoto.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Fundi Kilawe
alikuwa msibani Kibosho, mwenye mashine ana haraka,
pasi ilikuwa mezani, ya moto, na hakuna wa kunikataza.
Mavi ya kale hayanuki, wanasema.
Haya yangu yalinuka rosini.

"Baba," Aikande akasema nyuma yangu,
"alikuwa anaipiga teke katikati ya wimbo.
Ukumbi mzima unashangilia. Walijua ni mbwembwe."

Sikugeuka. Nikayeyusha donge,
nikalinyonya lote, nikaweka jipya, likang'aa.
Nikawasha kupitia balbu ya wati sitini:
ikawaka, ikafifia. Salama.
Taa zikawa za chungwa, vumbi likaungua,
naye akagusa uzi wa chini wa gitaa alilokuja nalo.
Makopo ya skrubu yakatembea kwenye rafu.

Alicheka. Halafu, sijui kwa nini,
akarudi hatua moja akaipiga teke.
Sauti haikukatika.
Akaitazama kama amenyimwa kitu.

Nikamtoza nusu.
Hakuuliza.