Mguu wa Kwanza

Oktoba, mama mkwe hunikabidhi sindano
na beseni la jozi zilizobanjwa nusu nusu.
"Usitoboe katikati," asema Nazibrola.
"Jozi ina uti wake, kama wewe.
Ukiupasua, uzi hauna pa kushika."
Natunga. Nusu arobaini kwa kila uzi.
Vidole vyangu ni vyeusi tangu siku ya kumenya,
hata limau limeshindwa.

Uani, sufuria ya shaba imekalia moto
wa matawi ya mizabibu tuliyopogoa.
Maji ya zabibu yamechemka tangu alfajiri,
povu limeenguliwa, unga umetiwa kwa kunyunyizwa,
na sasa ni uji mzito unaosema pfu,
kisha unanyamaza,
kisha pfu,
kama mzee anayekataa kuamshwa.
Uzi unazama, unainuka, unachuruzika,
unaanikwa kwenye ufito penye jua.
Kesho kutwa unazamishwa tena.
Mgeni mmoja kutoka mjini aliziona zikining'inia
akauliza kama huku Racha umeme hukatika sana,
alidhani ni mishumaa.

Ila jozi si zetu. Hapo ndipo penye mwiba.
Mti umesimama kwa Ushangi;
matawi matatu tu ndiyo yaliyovuka ua.
Ushangi asema tunda ni la mwenye shina.
Nazibrola asema lililodondoka kwangu
limekuja kunisalimu mimi.
Walifikishana hadi kwa diwani.
Diwani akala jozi za huyu, akala za yule,
akasema atalifikiria.
Huu ni mwaka wa kumi na moja anafikiria.

Desemba nafungua kasha la mbao.
Nyuzi zimelala ndani ya kitani,
sukari imejitokeza juu ya ngozi zao
nyeupe, kavu, kama vumbi la chaki.
Bata mzinga amelowa mchuzi wa jozi na kitunguu saumu,
chupa za plamu chachu za Julai zimepanda mezani,
na asali inachemka, tayari kwa vipande vidogo
nilivyokatakata hadi usiku wa manane.
Kimebaki kitu kimoja: mguu.

Maana mwaka mpya huingia na mtu.
Atakayekanyaga kizingiti wa kwanza
ndiye atakayeupa mwaka sura yake.
Sisi humwita Vazha, mpwa wetu:
mara ya kwanza alipoingia yeye, ng'ombe alizaa mapacha.
Lakini theluji imeshuka usiku kucha.
Vazha apiga simu: gari limekwama darajani.

Saa moja asubuhi, mlango unagongwa.
Ni Ushangi, ndevu zimeganda barafu,
kiberiti kilicholowa mkononi.
"Eteri hana moto," asema. "Nipe hapa hapa nje.
Siingii. Sitaki lawama za mwaka mzima."
Nazibrola, mwiko wa asali mkononi,
hamtazami usoni. Anatazama viatu.
"Uanze na wa kulia," asema.
"Nimesema siingii."
"Na baridi nayo inaingia. Wa kulia, Ushangi."

Akaingia.
Nazibrola akachukua kipande cha asali na jozi
akamtia mdomoni, kama ilivyo desturi,
akasema maneno ya desturi:
mwaka huu uwe mtamu hivi.
Ushangi akatafuna. Akasita.
Nyumba nzima tukasikia taya likisimama.
"Jozi hizi," akasema, "nazijua."
"Nami nakujua wewe," akasema Nazibrola. "Tafuna."

Aliondoka na kiberiti kikavu
na nyuzi mbili ndani ya koti.
Pale uani akasimama chini ya yale matawi,
akayahesabu, nadhani,
au alikuwa akitoa kipande kwenye jino.

Mwaka huo ng'ombe alizaa ndama mmoja tu,
dume, mguu wa nyuma umepinda kidogo.
Nazibrola alimkausha kwa gunia
wala hakumtaja mtu.