Macho ya Karatasi

Daktari Nyevu alifika Langoni na gundi
na picha mbili: macho, na maua.
Wiki hii macho, wiki ijayo maua,
juu ya mkebe wa kahawa wa Shekuwe,
mkebe usio na mlinzi:
unakunywa, unatia shilingi kumi, unakwenda zako.
Mimi niliajiriwa kuhesabu sarafu.

"Zamani sana," akanieleza, "kabla ya miji,
tulikuwa watu kama hamsini na moto mmoja.
Aliyeficha paja la swala
alijulikana kabla ya alfajiri,
na hakuitwa tena mawindoni.
Sisi ni vitukuu vya walioogopa kusemwa."

Nikautazama mkebe.
Nikakumbuka vikombe vyangu vitatu.

Wiki ya macho: mia nne na sitini.
Wiki ya maua: mia mbili na tisini
na kifungo cha shati.
Daktari akacheka peke yake, kalamu sikioni.

Bi Khatuni akapita, ushungi hadi puani,
akasimama macho kwa macho na ukuta.
"Mato haya ya nani, mbona hayapepesi?"
Ya utafiti, nikamwambia.
"Hapa Amu mato si haba, mwanangu.
Kila dirisha lina yake."
Akatia kumi. Kahawa hakunywa.
Sikujua nimwandike safu gani.

Wiki ya tano stima ikakatika,
na punda wa Famau, aliyekata kamba,
akaambua karatasi taratibu
akayala macho, la kushoto kwanza.
"Data imeharibika," akasema Daktari,
akafunga daftari, akaenda kulala.

Usiku ule nilishuka ngazi kwa kupapasa.
Kichochoro cheusi kama masizi ya sufuria,
ukuta mtupu, alama nne za gundi.
Nikatia ya kwanza. Ikalia.
Nikatia ya pili, nikaishusha kwa kidole isilie.
Ya tatu nikaiachia tu.

Sijui nilikuwa namlipa nani:
Shekuwe, aliyekuwa akikoroma ghorofani,
au wale hamsini wa moto mmoja,
au punda, aliyesimama pale pale akitafuna
na macho manne,
mawili usoni, mawili tumboni.

Asubuhi nikahesabu, ingawa kazi ilikwisha.
Sarafu kumi na moja.
Tatu zangu.
Nane sizijui.