Verstaki

Baba alilitamka kwa ulimi aliorudi nao Odessa:
verstak,
k ya mwisho ameibana kama msumari mdomoni.
Sisi tukaiongezea irabu, ikawa verstaki,
maana neno lisilo na irabu mwishoni
kwetu haliingii ndani, lasimama mlangoni.

Ni benchi tu. Mvule mzito,
jiliwa moja upande wa kushoto,
mikwaruzo ya msumeno, na doa la gundi
lenye sura ya Tumbatu.
Siku karakana ya Saateni ilipofungwa
tuliipandisha ngazi za Michenzani, watu sita,
mpaka ghorofa ya tano.
Kwenye kona ya tatu ikakwama.
Bi Mwanaidi akapita chini yake na sinia la mikate:
“Fundi Vuai, wahamisha kitanda?”
“Nahamisha karakana,” baba akasema.
Tukacheka hadi mikono ikalegea,
benchi nusura ituponde vidole.

Usiku ndio akanieleza.
Warusi hawakuliunda neno lile,
walilitwaa kwa Wajerumani: Werkstatt.
Werk, kazi. Statt, mahali.
Chumba kizima, na paa lake,
na mafundi na matusi yao ya asubuhi.
Likavuka mpaka, kuta zikaanguka njiani,
paa likabaki kwa wenyewe.
Lilipofika kwa Warusi
lilikuwa meza.
“Mwalimu alicheka alipotusimulia.
Mimi niliandika daftarini.”

Na karakana je, baba?
“Hiyo ya Waajemi. Kar, kazi. Khana, nyumba.
Sisi tulikopa na nyumba yake,
hatukupunguza hata kigae.”
Akanyamaza.
Akapuliza unga wa mbao kwenye jiliwa,
unga ambao haukuwapo.

Sasa verstaki iko ukumbini, karibu na dirisha.
Mama huweka juu yake beseni la nguo,
wajukuu huchajia simu,
na baba, akipata mguu wa kiti cha jirani,
huwafukuza wote,
beseni, simu, na redio,
akafunga jiliwa taratibu,
mpaka chuma kilie kidogo.

Jana, akienda Alasiri,
alinigeukia akiwa kwenye ngazi:
“Usisahau kufunga karakana.”
Nikatazama huku na huku. Mlango hakuna.
Nikavua khanga ya begani
nikaifunika benchi,
nikazikunja pembe zake vizuri.