Kuulaza Mzabibu

Februari tunafunga maji.
Sigilai ndiye huzungusha koki,
kisha hufuta viganja kwenye suruali
kama mtu atokaye mazishini.
Wiki tatu mipira haidondoshi tone,
na majani yanaanza kuuliza.

Kwao, Apondi anatuambia,
mzabibu hulala wenyewe.
Baridi huushika hadi kwenye mfupa,
nao husahau yote: jina, mwaka,
uzito wa vichala uliobeba.
Alisomea huko, mji wa Anje, karibu na mto Luari,
mto mpana, mvivu, kama Nyando, anasema,
kabla Nyando haijakumbuka hasira zake.
Asubuhi ukungu hupanda kutoka majini
ukakaa juu ya zabibu kama kuku juu ya mayai.
Hii yetu ni Shenin. Babu zake ni wa huko.
Ililetwa vijiti, vimeviringishwa kwa gazeti bichi,
nikavidhania kuni.

Hapa Gilgil hakuna wa kuuambia ulale.
Jua huingia kazini saa kumi na mbili,
hutoka saa kumi na mbili,
Juni hivyo, Desemba hivyo,
halijachelewa wala kuomba ruhusa.
Na mti usiolala huzaa ovyo:
ua hapa, tunda bivu pale,
kichala kichanga bega kwa bega na kilichooza,
shore wanakula mwaka mzima
na pipa halijai.

Basi baridi ni sisi.
Mimi, na Nasambu wa Webuye,
na wengine tulioachishwa kwenye waridi Naivasha,
tunaingia mistarini na mikasi.
Macho mawili kila tawi, alisema Apondi. Mawili tu.
Na hili refu, lenye afya?
Hasa hilo.

Kwenye waridi nilikata kinachouzwa.
Hapa nakata ili usahau,
na jioni vidole vyangu
havitaki kukunjuka kushika kikombe.

Chini yetu ardhi ni nyeupe,
ile ile wanayochimba Kariandusi,
ukiikanyaga viatu vinakuwa vya mwokaji mikate.
Apondi alipoiona mara ya kwanza alichuchumaa.
Anje nyumba ni za jiwe jeupe, alisema,
lililotolewa chini ya mizabibu.
Shampeni wamechimba mahandaki kwenye chaki
wakazilaza chupa humo, maelfu kwa maelfu.
Bordo ni changarawe: hula joto mchana,
hulitema usiku, polepole, miguuni pa mti.
Wafaransa wana neno moja la hayo yote,
udongo na mteremko na upepo na ukaidi wa watu.
Alilitamka. Tukajaribu. Tukacheka.
Sigilai akasema: yaani kwao.
Apondi akanyamaza kidogo.
Ndiyo, akasema. Kwao.

Kisha akamega bonge, akaling'ata.
Mama yake aliuza odowa soko la Kibuye,
vipande vya udongo kwenye sinia, kwa wajawazito.
Nasambu naye akamega. Nami.
Wanaume walituangalia
kama tumefungua barua isiyo yao.
Nani atatufundisha sisi
kwamba udongo una ladha?
Nilikula wa ukutani miezi mitano, mimba ya Njambi,
wa baada ya mvua, wa nyumba ya mama mkwe,
si wa jikoni, ule una moshi,
wa upande wa mashariki.

Divai yenyewe sijainywa.
Kanisani kwetu tunapewa maji ya ukwaju,
na mchungaji ameshaniuliza mara mbili
ninafanya kazi gani hasa.
Kupogoa, nikamwambia.

Machi tukafungua koki.
Siku ya nne, kabla ya upepo wa saa nane,
kila ncha niliyokata ikaanza kulia,
tone, tone, safi, bila rangi,
mstari mzima, kilima kizima.
Nasambu alishtuka: tumeiua.
Hapana, alisema Apondi, inaamka.

Nikaweka ulimi.
Maji tu.
Halafu, mbali, nyuma ya maji,
ukuta wa mashariki.