Jumapili ya Ailén

Tufe la dunia nililiokota kwenye taka za shule,
limebonyea kidogo upande wa Greenland.
Uzi niliuchomoa kwenye soksi.
Kidole gumba Auckland, cha shahada Santiago,
nikavuta mpaka uzi ukakaza, ukateremka kusini
karibu na barafu, kama mtu anayemkwepa mdai wake.
Sentimita ishirini na tatu.
Wenye vipimo wanasema kilomita elfu tisa mia sita na kitu,
maji matupu, hakuna pa kutua jicho.

Mimi hesabu zangu ni za lita.
Miaka thelathini na moja nimezinywesha ndege pale Pudahuel,
bomba begani, harufu ya mafuta mpaka kwenye mkate,
wala sijapanda hata moja.
Lakini najua hivi: inayokuja kwetu
husukumwa mgongoni na upepo,
saa kumi na moja, imefika.
Inayorudi huumana na upepo huohuo uso kwa uso,
karibu saa mbili zaidi,
na tangi hunywa kama shamba la ukame.
Ailén, mwanangu, kuniacha ni ghali kuliko kunijia.
Sikukwambia. Ungecheka.

Juni hii aliondoka Auckland saa kumi na mbili jioni,
siku yake ya kuzaliwa,
kucha zina vumbi la matunda ya kiwi
aliyochuma msimu mzima kule Te Puke,
akatua kwetu saa saba mchana
wa siku hiyohiyo.
Kafika kabla hajaondoka!
Rosalba mama yake aliuliza mara mbili, kisha akaacha,
akakaanga sopaipila za boga:
"Siku ikija mara mbili, italiwa mara mbili."

Wiki tatu. Hizo ni zangu, sizisimulii.

Ikaruka Jumamosi, saa sita usiku kasoro dakika tano.
Kule itatua alfajiri ya Jumatatu.
Katikati ya bahari mstari usioonekana
humpokonya abiria Jumapili yake:
ni deni la ile siku ya kuzaliwa,
dunia haisamehe hata senti.

Nilipoamka, Jumapili ilikuwepo, mlangoni, nzima.
Nikaona haifai ipotee hivihivi.
Basi nikarudi kulala mpaka saa nne, kama yeye.
Nikatia pilipili nyingi kwenye mayai, kama yeye,
nikatokwa machozi, ya pilipili.
Nikagombana na Don Heriberto juu ya mbwa wake,
jambo ambalo binafsi sina haja nalo,
mbwa mwenyewe mpole.
Rosalba akanitazama tu.

Saa nane simu ikalia.
"Baba, nimefika. Huku Jumatatu,
kuna ukungu, begi langu halijatoka."
Nikachungulia dirishani: jua lilikuwa bado
juu ya bati la jirani.
"Jumapili yako ninayo," nikamwambia.
"Nimetumia kidogo. Imebaki nusu."