Chai Bila Maziwa

Kilichotangulia ni rangi.
Sanduku la posta pale kona ya Stromness
lilikuwa jekundu asubuhi zote za maisha yangu.
Jumanne moja ya Machi nikaliona rangi ya chai iliyopoa.
Nikafumba jicho la kushoto: jekundu.
Nikafumba la kulia: chai.
Nikasimama nikifumba na kufumbua
hadi Bibi Isbister akaniuliza namkonyeza nani.

Kazi yangu ni viti. Migongo ya viti,
tunayoisuka kwa mabua ya shayiri,
maana visiwa vya Orkney vina upepo kuliko miti.
Safu juu ya safu, sindano, uzi wa katani, vuta.
Vidole vilijua kazi bila kuniuliza.
Kisha vikaanza kuuliza:
hili ni bua? huu uzi umekaza?
Nilikuwa nimevaa glavu ambazo sikuzivaa.

Miaka mitatu nikaambiwa ni uchovu,
ni umri, ni upungufu wa damu, kula maini.
Nikiinama kufunga viatu
umeme unashuka uti wa mgongo hadi visiginoni,
unatoka, hauagi.
Nikioga maji ya moto jicho linafifia;
maji yakipoa, linarudi.
Nani angeamini ugonjwa unaoogopa birika?

Wakanivusha usiku kucha hadi Aberdeen,
wakanilaza ndani ya mtambo
uliogonga kama fundi bati aliyekosana na mkewe.
Daktari akanionyesha ubongo wangu kwenye kioo:
madoa meupe, hapa, hapa, na hapa,
kama shakwe walivyolifanyia paa letu.
Jina la ugonjwa, alisema, maana yake ni makovu mengi.
Kinga ya mwili imeyageukia maganda ya neva.
Akachora waya.
Sikuhitaji waya.
Nimewahi kuletewa kiti ambacho panya
alitafuna uzi akaacha mabua:
kila bua lipo, zima,
na kiti kinasimama vizuri tu
hadi mtu aegemee.

Tangu hapo najifunza kumsoma huyu mgeni.
Mguu wa kulia ukikwaruza zulia,
ni saa nane, niweke sindano chini.
Mkanda ukinibana mbavu, si moyo;
nimeshakimbizwa hospitali mara mbili kwa ajili yake.
Vyoo vya mjini navijua kama mtoza kodi.
Maneno nayo hupotea. Juzi nilisema,
"nipe kile, kile cha kukatia,"
Erlend akaniletea kisu, mkasi na shoka,
akaniambia nichague, kasoro yeye.
Na uchovu, ambao si usingizi.
Usingizi una mlango wa kutokea.

"Mbona unaonekana mzima!" husema watu kanisani.
Nashukuru, nimeshika ukuta.
Kijana mmoja bandarini alinicheka, nimelewa saa nne asubuhi.
Laiti. Ningekuwa nimefaidi kitu.

Barabara yetu ina nyumba kumi na moja,
na wagonjwa tuko watatu.
Thora Foubister wa nyumba ya mwisho
huja na fimbo yake, tunakunywa kitu baridi,
hatuulizani hali. Tunaulizana, "Leo umeangusha nini?"
Yeye, sufuria. Mimi, jina la dada yangu.

Kila asubuhi binti yangu Tova, miaka tisa,
hunishikia kipande cha sufi nyekundu.
"Kulia?"
"Nyekundu."
"Kushoto?"
"Chai."
"Na maziwa au bila?"
Bila maziwa ni siku njema.

Leo, tukienda shuleni, akasimama pale kona.
Akafumba jicho moja,
kisha jingine,
akalitazama sanduku la posta
muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.
"Jekundu," akasema. "Macho yote mawili."
Sikumjibu. Nilimfunga skafu iliyokuwa imeshafungwa.

Sasa niko safu ya tisa.
Nimevuta uzi, na sijui kama umekaza.
Akirudi nitamwita aujaribu
kwa kidole chake.