Daftari la Karakata

Daftari langu la madeni lilijua mapema
kuliko chama, kuliko redio.
Tangu Machi, Mndolwa, dereva wa treni ya Pugu,
aliacha kusema "Shika, dada, chenji baadaye,"
akaanza kusema "Niandikie."
Nikaandika: uji kikombe, chapati mbili.
Wiki ya pili: uji, chapati moja.
Wiki ya nne: uji.
Mgomo hauanzii stesheni,
huanzia kwenye chapati.

Kisha wakabandika manila ukutani,
kalamu nene, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
RATIBA YA MUDA. Asubuhi treni moja. Jioni moja.
Jumamosi, kistari tu.

Zamani zilikuwa sita. Nilizijua kwa miguu,
meza ikitetemeka kabla ya honi,
vikombe vikigusana
kama watu wanaosalimiana gizani.
Sasa ni saa kumi na mbili kasorobo, vikombe vimetulia.
Sufuria ya lita ishirini imejaa,
na pilipili manga niliyosaga jana inanukia bure.

Watu wanapita kwa miguu juu ya reli.
Mataruma yana ugomvi na hatua ya binadamu:
moja moja ni karibu mno, mawili mawili ni mbali,
basi wote wanatembea kama waliovunjika kisigino cha kiatu.
Edna muuguzi, anawahi zamu Amana,
viatu vyeupe kavifunga kwenye kanga.
Fundi Kisaka, drili begani.
Watoto wawili wa sekondari wanahesabu mataruma,
wanapotea kwenye mia sita,
wanaanza upya.

"Hawa watu wa reli wanatukomoa," anasema Kisaka,
anatema mate pembeni, si kwa hasira, kwa vumbi.
Mimi kimya. Daftari liko chini ya kopo la sukari.
Nikifungua ukurasa wa Mndolwa
atauona mshahara wa miezi mitatu
ulivyo na sura ya uji mtupu.
Lakini siri ya mteja ni ya mteja.
Na mimi, nisiseme uongo, nimewalaani.
Jana nilimwaga nusu sufuria mtaroni;
mbwa akaja, akanusa, akaenda zake.

Saa moja na robo ikaja ile moja.
Inaendeshwa na bosi, wanasema, mtu wa ofisini,
shati jeupe dirishani, shingo imekakamaa
kama anayeendesha ya kuazima.
Watu wamening'inia milangoni.
Honi ndefu, ndefu,
ya mtu asiyejua tunakaa wapi.
Haikusimama Karakata.
Vikombe vikasalimiana kidogo, vikanyamaza.

Mndolwa alikuwa upande wa pili wa reli,
kandambili miguuni, shati la kazi limepigwa pasi.
Aliisindikiza kwa macho hadi kwenye kona
kama aliyemwona mkewe kwenye pikipiki ya mwingine.
"Anaikata kona kwa kasi," akasema.
"Mbele kuna kiungo kimelegea.
Tumeandika barua mbili."
Hilo tu. Hakusema haki, hakusema mapambano.

Akavuka. Akaitazama sufuria bila kuomba.
"Umekula?"
"Nimeshiba."
Kisaka alikuwa bado anafunga kamba ya drili.
Hakusema neno. Akasogea kwenye benchi,
nafasi ya mtu mmoja.

Kalamu ninayo, daftari limejaa
hadi jalada la ndani.
Upepo wa usiku ulishaibandua manila kona tatu,
ya nne nikaimalizia kwa ukucha.
Nyuma yake ni nyeupe.
Nikaikata kwa kisu vipande vinane,
na juu ya kipande cha kwanza nikaandika:
Mndolwa. Uji kikombe. Chapati mbili.

Kisaka akachungulia.
"Mbona hajala hata moja?"
"Atakula," nikasema.